Uliberali sio "kila mtu afanye anavyotaka"

Wengi tumekua tukisikia kwamba uliberali, yaani siasa inayotanguliza uhuru na haki za kila mtu, maana yake hakuna maadili, kila mtu ajifanyie anavyotaka na mwenzake anyamaze. Sio ajabu kuamini hivyo, jina lenyewe linatokana na uhuru.

Ila angalia ulikoanzia. Ulaya karne ya 16 na 17 watu walikuwa wanachinjana kisa dini, ndo baadhi wakaanza kujiuliza hivi serikali ina haki gani ya kumlazimisha mtu aamini kitu, na jibu lao lilikuwa la kimaadili kabisa: binadamu wana hadhi sawa, hakuna anayezaliwa bosi wa mwenzie. Na mipaka ipo. Kitabu kimoja cha Uingereza cha 1859 kinasema mtu mzima azuiwe pale anapodhuru wengine, sio kwa faida yake mwenyewe tu. Jirani akilewa kwake shauri yake, akishika usukani wa daladala hapo inatuhusu sote.

Unataka kuhakikisha kwamba uhuru una mipaka? Fungua Katiba ya Tanzania ya 1977, soma ibara ya 30, haki zako usizitumie kukatiza za wengine (na katiba hiyohiyo inataja ujamaa, kwahiyo wazo hili sio la waliberali peke yao).