Mwigizaji asiyetarajiwa: kwa nini mashabiki wa filamu za mashujaa huja juu

Filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu huanza kupigiwa kelele kabla kamera haijawashwa. Studio inatangaza nani atavaa vazi la shujaa, na siku hiyo hiyo mashabiki wanagawanyika: hawa wanashangilia, wale wanatukana, wengine wanakusanya saini ili uamuzi ubatilishwe. Jina lililotangazwa likiwa la mtu ambaye hakuna aliyemdhania, huo ndio uteuzi usiotarajiwa: mwigizaji amekabidhiwa uhusika ambao watu hawakuwahi kumhusisha nao, iwe kwa sababu ya sura, umbo, asili yake au kazi walizozoea kumwona akizifanya.

Mshangao huo hautokani na mwigizaji peke yake. Unatokana na pengo lililopo kati yake na picha ambayo mtazamaji alikwisha kuwa nayo. Mhusika aliyebuniwa jana kwa ajili ya filamu moja anaweza kuigizwa na yeyote na hakuna atakayelalamika, kwa kuwa hakuna cha kulinganisha. Lakini Superman alitoka kwenye kurasa za katuni mwaka 1938, Batman 1939, Spider-Man 1962. Wamechorwa mara maelfu, na kizazi baada ya kizazi cha wasomaji kimewakuta wakiwa tayari na taya zao, mabega yao na rangi za mavazi yao. Sauti peke yake ndiyo haikuwamo katika kurasa, kwa hiyo kila msomaji amewawekea sauti yake. Mtu aliyeishi na mhusika namna hiyo tangu utotoni anapoambiwa ghafla kwamba kuanzia sasa sura yake ni hii, anahisi ameingiliwa katika jambo lake. Hisia hiyo ni ya kweli, na wanaoidharau hawajawahi kumpenda mhusika wa kubuni kwa dhati.

Mfano unaorejewa kuliko yote ni wa Michael Keaton. Mwaka 1988 ilipojulikana kwamba mwongozaji Tim Burton amempa nafasi ya Batman, mashabiki walipigwa na butwaa. Keaton alijulikana kwa vichekesho. Alikuwa ametoka kuigiza filamu nyingine ya Burton, Beetlejuice, akiwa mzimu mwenye fujo na maneno machafu. Hakuwa mrefu sana, hakuwa na misuli, hakuwa na lile taya la katunini. Zaidi ya hayo, mashabiki walikuwa na jeraha. Batman wa televisheni wa miaka ya 1960 alikuwa wa mzaha na rangi za kung'aa, na wasomaji wa katuni walikuwa wamesubiri miaka mingi filamu itakayomchukua kwa uzito kama walivyomchukua wao. Kumpa mchekeshaji nafasi hiyo kulionekana kama tangazo kwamba mzaha unarudi. Barua za kupinga zilizofika studio ya Warner Bros. zinatajwa kuwa takriban 50,000, na wakati huo hapakuwa na mtandao wa kijamii: kila moja iliandikwa, ikatiwa kwenye bahasha na kubandikwa stempu.

Hoja ya Burton ilikuwa ya kina kuliko ya wapinzani wake. Aliwaza hivi: mwanamume mwenye kifua kipana na ngumi za chuma ana haja gani ya kujivika vazi la popo ili atishe watu? Anayehitaji vazi hilo ni mtu wa kawaida kwa umbo, mwenye kitu kisichotulia machoni. Keaton alikuwa na macho hayo, na Batman akishavaa kinyago chake, macho na mdomo ndivyo pekee vinavyobaki kwa mwigizaji kufanyia kazi. Studio nayo haikukaa kimya. Iliharakisha kutoa trela ili watu waone filamu ina giza na uzito waliouomba. Batman ilitoka mwaka 1989, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, na Keaton akarudi tena mwaka 1992. Alipovaa vazi hilo mara nyingine katika The Flash ya 2023, kurudi kwake kulikuwa miongoni mwa vivutio vikubwa vya matangazo ya filamu hiyo.

Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha dhana yote. Mashabiki na Burton hawakuwa wakibishana kuhusu Keaton. Walikuwa wakibishana kuhusu Batman. Upande mmoja ulisema Batman ni umbo na haiba ya mpiganaji. Upande wa pili ulisema ni jeraha la ndani linalotafuta pa kujificha. Kila ghadhabu ya namna hii ina tafsiri ya mhusika ndani yake, na ukitaka kuielewa, msikilize shabiki anapotaja kinachokosekana kwa mwigizaji. Hicho anachokitaja ndicho anachoamini kuwa moyo wa shujaa wake.

Kwa Heath Ledger mwaka 2006 kilichotajwa kuwa kinakosekana ni kitisho. Kijana wa 10 Things I Hate About You, mwenye sura ya mapenzi ya shuleni, angewezaje kuwa Joker, adui mkubwa wa Batman? Filamu yake ya Brokeback Mountain ilikuwa imeshaonyesha uzito wake kama mwigizaji, lakini kuna waliotumia hata filamu hiyo kumkejeli kwa sababu tu aliigiza mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake. Hapo lalamiko liliacha kuwa la sanaa likawa chuki. Ledger alijifungia hotelini London akitafuta sauti na kicheko cha mhusika wake. Alifariki Januari 2008, miezi michache kabla The Dark Knight haijatoka, na Februari 2009 akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora, ya kwanza ya uigizaji kwa mhusika wa filamu ya aina hii.

Malalamiko, basi, hayafanani, na kuyaweka yote chini ya jina moja la "mashabiki wenye hasira" ni kuyachanganya mambo. Kuna lalamiko la historia ya kazi, kama la Keaton na Ledger. Ben Affleck alikumbana nalo mwaka 2013 alipotangazwa kuwa Batman, kwa kuwa watu hawakuwa wamemsamehe filamu yake ya shujaa mwingine, Daredevil ya 2003. Robert Pattinson naye alilikuta mwaka 2019 kwa sababu ya filamu za mapenzi ya mazimwi wanyonya damu zilizomjengea jina. Lalamiko hili lina udhaifu mmoja mkubwa: linachukulia kwamba alichowahi kupewa mwigizaji ndicho kikomo cha anachokiweza.

Lipo pia la umbo. Katika katuni Wolverine, shujaa wa kundi la X-Men, ni mfupi, kama mita 1.60, mtu mnene wa mabega aliye kama mnyama aliyebanwa pembeni. Hugh Jackman ana urefu unaokaribia mita 1.90 na alikuwa ametoka kuimba jukwaani London katika tamthilia ya muziki. Tena hakuwa chaguo la kwanza. Dougray Scott alibanwa na kazi nyingine iliyochelewa kumalizika, na Jackman akaletwa wakati X-Men ya 2000 tayari imeshaanza kupigwa. Leo watu wengi wanaomjua Wolverine wanamjua kwa urefu wa Jackman. Gal Gadot alipotangazwa kuwa Wonder Woman mwishoni mwa 2013, aliambiwa ni mwembamba mno. Naona lalamiko la umbo ndilo linaloyeyuka haraka kuliko mengine: kamera hupunguza na kuongeza kimo, mazoezi hujenga misuli, na baada ya dakika ishirini za filamu nzuri jicho limeshazoea.

La rangi na asili ndilo gumu, nalo linahitaji utulivu. Idris Elba alipopewa nafasi ya Heimdall katika Thor ya 2011, kundi moja la wazungu wenye siasa kali huko Marekani liliitisha mgomo wa kuisusia filamu, likidai mlinzi wa miungu ya Kiskandinavia hawezi kuwa mweusi. Michael B. Jordan alipotangazwa kuwa Human Torch kwa ajili ya Fantastic Four ya 2015, matusi yalikuwa mengi hadi akaandika makala ya kujibu jaridani. Zendaya alipohusishwa na MJ, mpenzi wa Spider-Man, mwaka 2016 wimbi likawa lile lile, na mwongozaji James Gunn, ambaye hata hakuhusika na filamu hiyo, akamtetea hadharani kwa hoja kwamba ngozi nyeupe haikuwa kamwe tabia ya msingi ya mhusika huyo.

Wanaopinga huuliza: mbona hamkubali mzungu aigize T'Challa, yaani Black Panther? Swali hilo lina jibu. T'Challa ni mfalme wa taifa la kubuni la Kiafrika ambalo halikutawaliwa na wakoloni. Ondoa Uafrika wake na hadithi inakufa pale pale. Johnny Storm, ndiye Human Torch, ni kijana mwenye majivuno anayewaka moto na kumpenda dada yake. Hakuna tukio katika maisha yake linalohitaji awe mweupe. Alichorwa mweupe mwaka 1961 kwa sababu katika katuni za Marekani za wakati ule karibu kila shujaa alichorwa hivyo. Kipimo ninachokiamini ni hiki: je, sifa inayobadilishwa inabeba hadithi, au ilikuwapo tu kwa mazoea ya enzi yake?

Kipimo hicho hicho kinawapa haki waliolalamika kuhusu Doctor Strange ya 2016. Mhusika aitwaye Ancient One katika katuni ni mzee wa Kitibeti. Filamu ikampa nafasi hiyo Tilda Swinton, mwanamke mzungu wa Uingereza. Watengenezaji walisema walikuwa wanakwepa sura iliyochakaa ya mzee wa Kiasia mwenye hekima za siri. Lakini matokeo yalikuwa kumwondoa kabisa Mwasia katika nafasi moja kubwa kati ya chache zilizokuwapo. Miaka mitano baadaye Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alikiri kwamba walidhani wamefanya jambo la werevu kumbe zilikuwapo njia nyingine. Swinton aliigiza vizuri sana, na bado lalamiko lilikuwa sahihi, kwa sababu halikuhusu uwezo wake.

Mtandao umebadilisha nguvu ya ghadhabu hizi kuliko maudhui yake. Kabla Captain Marvel haijatoka Machi 2019, ukurasa wake katika Rotten Tomatoes, tovuti ya maoni kuhusu filamu, ulifurika maoni ya kuichafua yaliyomlenga mwigizaji wake mkuu, Brie Larson, na kauli zake kuhusu wanawake, yakiandikwa na watu ambao hawakuwa wameiona. Tovuti hiyo ikaondoa uwezo wa kuandika maoni kabla filamu haijaanza kuonyeshwa. Filamu ilivuka dola bilioni moja. Fedha hizo hazithibitishi kwamba Larson alifaa, kama ambavyo maoni yale hayakuthibitisha kwamba hakufaa.

Nalisema hili kwa sababu kuna hoja inayotumika vibaya. Kila uteuzi mpya ukipingwa, watetezi hujibu: "Mlisema hivyo hivyo kwa Ledger." Ni kweli walisema. Lakini Ledger anakumbukwa kwa sababu alishinda. Walioshukiwa na kisha wakashindwa kweli hakuna anayewatolea mfano. Na hata wanaodhaniwa wameshindwa wanahitaji kutazamwa upya. Fantastic Four ya 2015 iliporomoka vibaya, na waliompinga Jordan wakaona wamepata ushahidi. Filamu ile ilivurugika katika utengenezaji wake mzima. Miaka mitatu baadaye Jordan huyo huyo akawa Killmonger katika Black Panther, mmoja wa maadui wanaosifiwa kuliko wote katika filamu za Marvel. Kwa upande wa pili, Batman v Superman ya 2016 ilishambuliwa na wakosoaji, na wengi wao wakamtaja Affleck, yule aliyekusanyiwa saini za kumpinga, kuwa sehemu nzuri ya filamu hiyo. Kuanguka kwa filamu na kufaa kwa mwigizaji ni mambo mawili.

Kuna kitu wateuzi wa waigizaji wanakiona ambacho sisi hatukioni. Mwombaji huletwa mbele ya kamera, akasoma maneno ya mhusika, akawekwa pamoja na mwenzake kuona kama kuna cheche kati yao. Sisi tunapata jina na picha ya zamani. Kazi yao ilikaa bila kutambuliwa kwa muda mrefu. Ni mwaka 2024 tu ambapo Akademi ya Oscar iliidhinisha tuzo ya uteuzi wa waigizaji, kuanzia filamu za 2025.

Mshangao wenyewe pia umekuwa mali ya biashara. Robert Downey Jr. alipochaguliwa kuwa Iron Man, viongozi wa studio walisita kwa sababu ya miaka yake ya dawa za kulevya iliyomfikisha gerezani, na mwongozaji Jon Favreau akamng'ang'ania. Filamu ya 2008 ilifanikiwa, na juu yake kukajengwa mfululizo mzima wa Marvel. Julai 2024, mbele ya ukumbi uliojaa huko San Diego, mtu mwenye kinyago cha Doctor Doom alikivua na kumbe ni Downey, akirudi katika ulimwengu ule ule kama adui. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Nje ya ukumbi malalamiko yalianza mara moja, na safari hii yalikwenda kinyume: kwamba ni uteuzi wa woga, kwamba studio imekimbilia sura iliyokwisha kupendwa badala ya kumtafuta mtu mpya wa kumpa Doom uso ambao hatujawahi kuuona.