Msuli Unaozuia Mkojo kwa Mwanaume, na Seli Zinazoukarabati

Mwanaume aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume akishatolewa mpira wa mkojo, jambo la kwanza analoliona huwa dogo: anapoinuka kitini au anapokohoa, matone machache humtoka bila hiari yake. Wengi hunyamaza kwa aibu, na wapo wanaoacha hata kwenda msikitini au kanisani kwa kuhofia harufu. Naona ni haki yao kuelezwa kinachotokea mwilini, kwa kuwa anayeelewa kazi ya msuli huu huvumilia matibabu yake, wala hadanganyiki upesi na wanaouza kile wanachokiita tiba ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugawanyika na kuzaa seli mpya za tishu.

Mkojo wa mwanaume huzuiliwa na misuli miwili. Wa ndani upo kwenye shingo ya kibofu; ni msuli laini, na hufanya kazi bila kuamriwa. Wa nje upo chini kidogo ya tezi dume, nao ni wa jamii moja na misuli ya mkono na paja, yenye milia na inayotii amri ya mtu. Si pete kamili: umekaa kama herufi U iliyopinduliwa, mnene mbele ya mrija wa mkojo na mwembamba sana upande wa nyuma. Upasuaji wa tezi dume, uwe wa kuiondoa yote kwa sababu ya saratani au wa kukwangua sehemu iliyokua, mara nyingi huuharibu ule wa ndani, na kuanzia hapo mzigo huuangukia wa nje.

Msuli huu wa nje hutoka wapi? Watafiti waliofuatilia viinitete vya kuku na panya walionyesha mwaka 2005 kwamba seli zinazojenga misuli ya eneo la msamba, ambako msuli huu upo, huingia kwanza kwenye chipukizi la mguu, kisha baadhi yake hurudi kuelekea katikati ya mwili. Kwa hiyo misuli ya paja na ya msamba ni ndugu wa karibu. Seli hizo changa huongozwa na jeni zinazowashwa kwa zamu, mojawapo ikiwa MyoD, ambayo mwaka 1987 ilionekana kuwa na uwezo wa kuzigeuza seli za tishu unganishi kuwa za msuli. Kisha seli hujipanga, huungana, na kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi ndani yake. Viini hivyo havigawanyiki tena, na ndiyo maana uzi wa msuli ulioumia hauwezi kujijenga wenyewe.

Kazi ya ukarabati hufanywa na seli nyingine, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 alipokuwa akichunguza misuli ya chura kwa hadubini ya elektroni. Aliziona zimejibana kati ya utando wa uzi na ala inayouzunguka, akaziita seli setilaiti. Hizi ndizo seli shina za msuli. Kwa kawaida zimelala. Msuli ukiumia huamka na kugawanyika, baadhi huungana na nyuzi zilizojeruhiwa, na nyingine hurudi kulala zikisubiri siku nyingine. Zimepatikana pia katika msuli wa mkojo wa binadamu na kuoteshwa maabara. Hata hivyo, kadiri umri unavyosonga akiba hii hupungua pamoja na nyuzi zenyewe, na hiyo ni sababu mojawapo ya mzee kuchelewa kupona kuliko kijana.

Seli peke yake hazitoshi, kwani msuli usiofikiwa na neva hunyauka. Neva za msuli huu huanzia kwenye kundi dogo la seli, sehemu ya chini ya uti wa mgongo, lililoelezwa na Bronislaw Onuf-Onufrowicz mwaka 1899. Neva hizo zikikatika au zikivutwa sana, seli mpya zitakazoletwa pale zitakosa wa kuziamuru.

Kwa msingi huo tunaweza kuyapima majaribio ya tiba. Madaktari wa Nagoya, Japani, walitoa mafuta ya tumbo la mgonjwa, wakatenga seli zenye uwezo wa kukarabati tishu, wakazidunga kuzunguka mrija wa mkojo; taarifa yao ya kwanza, ya mwaka 2010, ilihusu wanaume wawili. Katika utafiti mkubwa zaidi uliofuata nchini humo, zaidi kidogo ya theluthi moja ya wanaume walipungukiwa na uvujaji kwa zaidi ya nusu baada ya mwaka mmoja. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na sehemu ya seli hizo ilidungwa pamoja na mafuta, ambayo yenyewe huunenepesha ukuta wa mrija na kuubana. Ukuta kunenepa na msuli kujengwa upya ni mambo mawili tofauti. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2008 jarida la kitabibu la Lancet liliifuta makala ya watafiti wa Innsbruck, Austria, iliyosifu seli za msuli kwa wanawake wanaovujwa na mkojo, kwa sababu ya kasoro nzito katika uendeshaji wa utafiti huo. Kwa hiyo ukiahidiwa tiba hii kwa malipo, uliza kama ni utafiti uliosajiliwa na kuidhinishwa na kamati ya maadili. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mshiriki bei ya seli zake.

Kwa sasa, hatua ya kwanza ni mazoezi. Bana kana kwamba unakatiza mkojo na kuzuia upepo kwa wakati mmoja, bila kukaza tumbo, mapaja wala makalio. Shikilia ukihesabu hadi tano, kisha legeza kwa muda uleule. Unapotaka kuinuka kitini, bana kwanza ndipo usimame. Kama baada ya miezi sita hadi kumi na miwili bado unalowa, rudi kwa daktari wa mfumo wa mkojo, kwa sababu kipo kifaa cha kupandikiza kinachoubana mrija badala ya msuli, nacho kimekuwa kikitumika tangu miaka ya 1970.