Nikiongeza saa, kodi itazila zote? Dhana potofu kuhusu kujaribu hesabu kwenye programu za kodi za Marekani

"Usichukue ovataimu, utapanda daraja la kodi, mwisho wa mwaka utabaki na hela kidogo kuliko ulizokuwa nazo."

Popote Waswahili wa Marekani wanapokutana, iwe msibani, harusini au kwenye maegesho baada ya ibada, maneno haya hayakosi msemaji. Cha kushangaza ni kwamba wengi wanaoyasema wana programu za kujazia fomu za kodi, TurboTax au H&R Block kwenye kompyuta zao. Huifungua usiku mmoja kwa mwaka, hutuma fomu, basi. Programu hiyohiyo ingewamalizia ubishi kwa robo saa.

Daraja la kodi haligusi mshahara mzima. Linagusa zile dola tu zilizovuka mpaka. Kwa mwaka wa kodi 2024, mtu asiye na mwenzi alilipa 10% kwa dola 11,600 za kwanza za kipato kinachotozwa kodi, 12% hadi 47,150, kisha 22% kwa zinazofuata. Dola moja juu ya 47,150 ikakatwa senti 22, na zilizo chini yake zikabaki kama zilivyokuwa.

Hata hivyo, nisiwabeze sana wanaolalamika, maana kuna kitu wamekihisi. Tumchukue mama anayelea watoto wawili wadogo peke yake na kuwasilisha fomu ya kodi kama mkuu wa kaya, yaani asiye na mwenzi anayetunza tegemezi. Mshahara wake wa 2024 ni dola 40,000 na daraja lake ni 12%. Ndani ya programu, ongeza dola 1,000 kwenye nakala ya majaribio ya W-2 yake, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na makato. Kodi inapanda dola 120. Wakati huohuo nafuu ya kipato cha kazi, ile EITC, inashuka karibu dola 211, kwa sababu kwa mzazi kama yeye mwenye watoto wawili inapungua senti 21 kwa kila dola baada ya kipato kuvuka 22,720. Jumla zimeondoka 331. Toa na 76.50 za Social Security na Medicare, makato ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee, anabaki na kama dola 593 katika zile elfu moja.

Kwa hiyo hakupoteza kwa kufanya kazi zaidi. Ila aliyemwambia "wewe uko 12%" naye hakumwambia ukweli, kwani hakuna jedwali la madaraja linaloonyesha ile 33%. Ili kuiona, badilisha namba moja, uangalie matokeo, kisha uirudishe.

Jaribio likigeuzwa upande wa pili ndipo utamu unapoanza. Mama huyu aweke dola 2,400 kwenye 401(k), akaunti ya akiba ya uzeeni ya kazini. Kipato chake kwenye fomu kinakuwa 37,600. Kodi inashuka, EITC inapanda, na anapata pia nafuu ya wenye kipato cha chini wanaoweka akiba ya uzeeni: 10% ya dola 2,000 za kwanza, yaani 200. Sasa aongeze mia moja tu, awe ameweka 2,500. Kipato kinafika 37,500, ambao ndio mpaka wa mkuu wa kaya kwa 2024, na ile 10% inakuwa 20%. Nafuu inaruka kutoka 200 hadi 400. Ukijumlisha na kilichopungua kwenye kodi na kilichoongezeka kwenye EITC, zile dola 100 za mwisho zimemletea kama 231. Hesabu hii huwezi kuiotea kichwani.

Akiba ileile akiiweka kwenye IRA ya kawaida, akaunti ya uzeeni anayojifungulia mwenyewe, badala ya 401(k), EITC yake haipandi hata senti. Sababu ni kwamba 401(k) inapunguza kipato cha kazi chenyewe, ilhali IRA inapunguza kile kipato kilichorekebishwa tu, na EITC hupimwa kwa vyote viwili kisha ikachukuliwa nafuu iliyo ndogo. Faida ya IRA ni kwamba unaweza kuichangia hadi tarehe ya kuwasilisha fomu, katikati ya Aprili, wakati 401(k) hufungwa mwaka unapoisha.

Tahadhari kwa anayejaribu: 401(k) haijaribiwi kwa kupunguza kisanduku cha 1 cha W-2 peke yake. Andika pia kiasi hicho kwenye kisanduku cha 12 kwa herufi D, la sivyo programu haitajua kwamba umeweka akiba. Visanduku vya 3 na 5 viache, maana Social Security na Medicare hukatwa vilevile.

"Naangalia ile namba ya rifandi juu ya skrini, ikiwa kubwa, nimepanga vizuri."

Rifandi, yaani hela unazorudishiwa, ni tofauti kati ya ulichodaiwa na ulichokwisha katwa. Ukijaribu mshahara mpya huku ukibadilisha pia kisanduku cha 2, cha kodi iliyokatwa, umechanganya mambo mawili na namba ya juu haikuambii lolote. Kiache kisanduku hicho kama kilivyo, ndipo mabadiliko ya namba ya juu yatakuwa mabadiliko halisi.

Wengine hukimbilia mstari wa 24 wa fomu 1040, ile fomu kuu ya kodi, penye jumla ya kodi. Kwa wengi ni mahali pazuri pa kulinganisha. Kwa mama wetu hapafai: mstari huo kwake ni sifuri kabla na baada ya jaribio, kwa kuwa EITC na sehemu ya nafuu ya watoto inayolipwa taslimu huja chini, kwenye mistari ya 27 na 28.

"Programu niliyonunua mwaka jana inatosha kupangia mwaka huu."

Inatosha kukuonyesha mwelekeo, lakini si kiasi. Programu ya mwaka fulani inajua sheria za mwaka huo tu. Mfano mzuri ni 2025. Mwaka ulianza kiasi ambacho mtu asiye na mwenzi hukatiwa bila kutozwa kodi kikiwa dola 15,000. Tarehe 4 Julai sheria mpya ikatiwa saini, kikawa 15,750 kwa mwaka huohuo mzima, na nafuu ya mtoto ikapanda kutoka 2,000 hadi 2,200. Aliyepanga Machi kwa programu ya 2024 alikuwa na hesabu safi ya mwaka uliokwisha pita. Toleo la mwaka husika huanza kuuzwa mwaka unapoelekea ukingoni. Desemba ndiyo saa ya kujaribu, 401(k) ikiwa bado wazi.

"Nikiingiza namba za uongo-uongo, IRS wataziona."

IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawazioni hadi ubofye kutuma. Kwenye toleo la kusakinisha, faili liko kwenye kompyuta yako, na TurboTax ya aina hiyo ina hata karatasi ya ndani ya kupanga hali kadhaa bega kwa bega. Toleo la mtandaoni halina karatasi hiyo, na namba zako zinakaa kwenye seva za kampuni. Hatari ya kweli ni wewe mwenyewe kusahau na kutuma fomu yenye namba za majaribio, halafu uanze kuhangaika na fomu 1040-X ya marekebisho. Hifadhi nakala yenye jina jingine. Mimi yangu huiita MCHEZO, kwa herufi kubwa.

"Kilichopungua serikali kuu, kimepungua na jimboni."

Si lazima. Pennsylvania hutoza kodi ya jimbo hata zile hela ulizoweka kwenye 401(k). Texas haina kabisa kodi ya jimbo ya kipato. Fungua na sehemu ya jimbo kabla ya kushangilia.

"Nimemwingiza mama yangu wa Mombasa kama tegemezi, programu ikakubali, kwa hiyo ni halali."

Hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu anayeifanya kwa kweli anamtumia mama yake hela kila mwezi. Lakini sheria inataka tegemezi awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico kwa mujibu wa sheria ya kodi. Mama aishiye Mombasa asiye raia hamo, hata umtumie kiasi gani. Programu inakuuliza swali hilo kwa maneno mepesi, na ukibofya "ndiyo" itakupa nafuu ya dola 500, pengine na hadhi ya mkuu wa kaya juu yake. Haina njia ya kujua mama yuko wapi. Inapiga hesabu ya jibu ulilolitoa, na mwishoni inakuomba utie saini chini ya tamko kwamba, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, yote uliyoyajaza ni kweli.