Baipasi haizibui mishipa ya moyo

Wengi huamini kuwa upasuaji wa baipasi huzibua mishipa ya moyo, na mgonjwa hutoka amepona kabisa. Sivyo. Mafuta yaliyoziba huachwa palepale. Daktari huchukua mshipa wa mguuni, au ule wa ndani ya kifua, akaushona ng'ambo ya kizuizi ili damu ipite pembeni, kama magari kwenye barabara ya mchepuko. Daktari wa upasuaji René Favaloro alitumia mshipa wa mguu hivyo mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani. (Mguu wenyewe hutumia mishipa mingine kurudisha damu.) Ugonjwa unabaki, na mshipa uliopandikizwa nao unaweza kuziba, hasa ule wa mguuni. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akiacha dawa au akirudia sigara kwa sababu tu kidonda kimefunga.