W Haikupi Kasi Hewani, Wala Haikupigi Breki

Haya, kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho: kwenye Counter-Strike, gemu ya kupigana risasi, kuruka hakuongezi kasi. Kushikilia W (kitufe cha kwenda mbele; A ni kushoto, D kulia, S nyuma) hewani nako hakuongezi kasi. Na wale wajuaji wanaowasahihisha wenzao kwa kusema “achia W, inakupiga breki” nao wamekosea, tena wanakosea kwa kujiamini, jambo linalokera zaidi. Pande zote mbili zinagombania kitufe, na kitufe chenyewe hakina habari.

Hesabu ya mwendo inayotutesa ni ya Quake, gemu ya 1996. Half-Life ya 1998 ilijengwa juu ya injini hiyo, Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life, na Source, injini ya Counter-Strike za baadaye, ikairithi hesabu karibu kama ilivyokuwa. Ukiwa hewani, kila tiki, yaani kila hatua ya hesabu zake, gemu inaangalia mishale miwili. Wa kwanza ni mwendo ulio nao: unaelekea wapi na kwa kasi gani. Wa pili nitauita mshale wa nia: upande ambao vitufe vyako, vikipimwa kutoka unakotazama, vinasema unataka kwenda. W peke yake, nia iko mbele ya macho. A peke yake, nia iko nyuzi 90 kushoto. W na A pamoja, nyuzi 45. Kisha gemu inauliza swali moja: katika mwendo ulio nao sasa, ni kiasi gani tayari kinakwenda upande wa nia? Kikiwa kimefika vizio (vipimo vya umbali vya gemu) 30 kwa sekunde, hupewi kitu. Kikiwa hakijafika, unaongezewa kilichopungua.

Isome tena sentensi ya mwisho. Hiyo 30 si kikomo cha kasi yako. Ni kikomo cha kasi upande wa nia tu, na ndio mwanya ambao bihopu yote, yaani kuruka mfululizo huku ukijenga kasi, inapitia.

Sasa rudi kwenye W. Chukua Counter-Strike: Global Offensive (iliyopisha Counter-Strike 2 mwaka 2023), kisu mkononi, unakimbia 250. Umeruka, W imeshikiliwa, macho mbele. Kiasi kinachokwenda upande wa nia ni 250 nzima. Ni zaidi ya 30, basi hupewi kitu. Hukupigwa breki wala hukusukumwa. Gemu imekupuuza tu. Ongeza A bila kuachia W: nia inahamia nyuzi 45, kiasi kinashuka hadi 177 hivi, bado ni zaidi ya 30, bado unapuuzwa. Kosa la W ni hilo tu: inauvuta mshale wa A urudi mbele, mahali pasipo na mgao. Hakuna uchawi mwingine. Anayebisha ageuze mwili ubavu, atazame nyuzi 90 kutoka anakoelekea, apige strefu (kujisukuma ubavu hewani huku akigeuza maus) kwa W na S badala ya A na D. Kasi itapanda vilevile. W ileile inayoitwa breki! Breki halisi ni nia inayoelekea nyuma ya mwendo wako, na kwa anayetazama mbele hiyo ni S.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni pembe. Kwa 250, seva ya tiki 64 kwa sekunde na sv_airaccelerate (mpangilio wa nguvu ya msukumo hewani) 12, mshale wa nia unaanza kukulipa ukivuka nyuzi 83 kutoka kwenye mwendo, na unaanza kukula ukipita 95. Dirisha ni la nyuzi 12 hivi. Ukifika 400, linabaki kama nyuzi 8. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo dirisha linavyobana, na ndiyo sababu strefu iliyokupandisha vizuri mwanzoni inakuangusha baadaye, ingawa mkono wako haujabadilika hata kidogo. Katikati kabisa, kwenye 90, kila tiki inakuongezea vizio 30 vya pembeni, lakini jumla ya kasi inatoka 250 hadi 251.8 tu. Uchumi wa sumni sumni. Mruko mmoja unachukua robo tatu ya sekunde, yaani tiki 48, kwa hiyo hata roboti isiyokosea ikiruka mara moja kutoka 250 inaishia 325 hivi. Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa mruko mmoja kwenye mipangilio ya kawaida anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nyuzi 12 hakuna mkono unaoweza kuzipima, nakubali. Sina hakika hata kama kuzijua kunamsaidia mtu akiwa hewani. Kunamsaidia akiwa ameketi, anajiuliza kwa nini namba haipandi, na hapo kuna jambo moja ambalo mafunzo mengi huliruka: makosa ya maus hayafanani. Ukigeuza polepole mno, hupotezi chochote; unapata kidogo tu, kwa sababu mwendo wako unakaa kwenye ukingo wa zile 83 ukisubiri maus ifike. Ukigeuza haraka mno, nia inapita 95 na unaliwa. A huku maus ikienda kulia? Mara nyingi hupotezi, unapuuzwa. Basi kasi ikishuka hewani, mkono una pupa. Kasi ikiganda, tafuta W iliyosahaulika chini ya kidole au maus inayokwenda kinyume na kitufe. Ukiona inashuka pale tu unapogusa ardhi, maus haina kosa kabisa.

Ardhini tatizo ni msuguano. sv_friction ni 5.2, na kwa tiki 64 kila tiki unayokaa chini inakula asilimia 8 ya kasi. 300 inakuwa 276, kisha 253, na jasho lote la hewani limekwisha ndani ya tiki mbili. Ukiruka kwenye tiki ya kwanza kabisa, injini inashughulikia kuruka kabla ya msuguano, hivyo msuguano haukukati hata senti. Kazi ya kuruka ni hiyo tu: kukwepa ushuru. Kushikilia kitufe cha kuruka hakusaidii, kwa sababu Source inataka mbonyezo mpya, na mbonyezo ulioanza ukiwa hewani unahesabiwa kuwa umeshatumika. Ndiyo maana ya gurudumu la maus (bind mwheeldown +jump): linamwaga mibonyezo mingi na mmoja unaangukia tiki sahihi. Lakini usilizungushe kama unatwanga. Mibonyezo ikijaa tiki zinazofuatana, injini inaiona kama kitufe kilichoshikiliwa na inaikataa. Vizungusho vitatu vinne vya gurudumu, ukianza kidogo kabla ya kutua, vinatosha.

Kisha anakuja mtu wa Quake III Arena na kuapa kwamba W lazima ishikiliwe. Na kwake ni kweli! Gemu ile ya 1999 haina 30. Kikomo chake upande wa nia ni 320 nzima, na msukumo wa hewani ni mdogo sana, 1 badala ya 12. Kwa hiyo pembe nzuri ni nyembamba mwanzoni na inapanuka kadiri kasi inavyopanda: ukiwa na 320 ni nyuzi 7 hivi, ukifika 450 ni 45, ukifika 640 ni 60. W na A pamoja zinaweka nia kwenye 45, yaani jirani kabisa na panapotakiwa. A peke yake kwenye 90 inakulipa makombo. Hata kuruka kwake ni tofauti: unabonyeza ukiwa bado hewani, unashikilia, na ukigusa ardhi unaruka, bila gurudumu. Kwa hiyo “shikilia W” na “achia W” ni majibu sahihi ya maswali mawili tofauti, na ugomvi wote unatokana na watu kubeba jibu la gemu moja kwenda nalo kwenye nyingine. Apex Legends nayo ina sheria zake, ambako kubonyeza W upya mara kadhaa hewani kunakukatia kona kali. Usiniletee ushahidi wa huko kwenye mjadala wa Counter-Strike.

Mazoezi. Fungua ramani tupu, kisha uandike amri hizi kwenye konsoli ya gemu: sv_cheats 1, cl_showpos 1 uione kasi yako, sv_enablebunnyhopping 1 kwa sababu bila hiyo gemu inakukata kasi kila unaporuka, sv_staminajumpcost 0 na sv_staminalandcost 0 kuondoa uchovu wa kuruka na kutua. Anza na sv_autobunnyhopping 1 ili kutua kusikusumbue. Kimbia na W hadi 250, ruka, achia W papo hapo, A na maus kushoto kwa pamoja, taratibu. Mruko unaofuata, D na kulia. Strefu moja kwa kila mruko, basi. Usigawanye mruko kwa strefu mbili kabla namba haijapanda mara tano mfululizo kwa moja. Ikikaa sawa, zima autobunnyhopping na ujifunze gurudumu peke yake, ukienda mbele bila kujali pembe, kisha unganisha.

   

Linaloniudhi zaidi ni sv_airaccelerate. Seva nyingi za bihopu zinaiweka 100, hata 1000, na kwa thamani hizo injini inakugeuza hewani unavyotaka na kumfichia makosa mwenye pupa. Mtu anakaa huko miezi, anafika 800, anarudi kwenye 12 na kulalamika kwamba gemu imeharibika. Kama lengo lako ni mechi za kawaida, iache 12 kuanzia siku ya kwanza. Nakiri pia kwamba kwenye mechi hizo, ambako kasi inakatwa kila mruko, bihopu inakulipa kidogo kuliko inavyosifiwa: miruko miwili mitatu ya kuwahi kona, na strefu moja safi ya kuzunguka sanduku bila kugusa chini.