Ukitolewa Ovari: Kidonge cha Estrojeni, Ini na Homoni ya Ukuaji

Wanawake wengi huja kliniki wakisema wametolewa kizazi, ila hawajui kama ovari (vifuko vya mayai) nazo ziliondolewa. Ulizeni, na mwandikiwe. Aliyebaki na ovari haoni hedhi tena, lakini estrojeni yake, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, huendelea kutengenezwa. Aliyetolewa ovari zote mbili kabla hajakoma hedhi, estrojeni humshuka ndani ya siku chache. Joto la ghafla, kukosa usingizi na ukavu ukeni humvamia kwa pamoja, na mifupa huanza kupoteza madini kwa kasi.

Lipo badiliko jingine lisilosemwa sana, nalo linahusu homoni ya ukuaji. Jina lake huwafanya watu wadhani ni ya watoto tu, kumbe mtu mzima huihitaji kutunza misuli na mifupa na kuzuia mafuta kujaa tumboni. Hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kwa mikupuo, hasa usiku usingizi unapokuwa mzito. Estrojeni huichochea tezi hiyo. Ikipungua, mikupuo nayo hudhoofu, juu ya upungufu ambao umri peke yake huuleta.

Je, akipewa tiba ya estrojeni, mambo hurudi kama zamani? Inategemea ameipata kwa njia gani.

Kidonge kikimezwa, dawa hutoka utumboni na kufikia ini kwanza, ikiwa bado nyingi, kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo linalopokea amri ya homoni ya ukuaji na kutengeneza IGF-1, kemikali inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya homoni hiyo. Estrojeni nyingi hulifanya ini lisiitikie amri vizuri: IGF-1 hushuka, pituitari huona upungufu huo na kuongeza homoni ya ukuaji. Kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kuonyesha homoni ya ukuaji iko juu huku IGF-1 ikiwa chini. Kibandiko au jeli hupitisha dawa kwenye ngozi, na kwa dozi za kawaida IGF-1 haibadiliki sana.

Hili lina uzito mkubwa kwa mwanamke ambaye pituitari yake imeharibika, mathalani baada ya kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua, hali iitwayo ugonjwa wa Sheehan. Huyu huenda akahitaji estrojeni na pia sindano za homoni ya ukuaji. Akimeza vidonge, dozi ya sindano huwa kubwa zaidi. Akihamia kibandiko, inabidi ipunguzwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hushusha IGF-1, kwa hiyo mtajie daktari kabla ya kupimwa.

Aliyetolewa ovari akiwa kijana kwa kawaida hushauriwa kutumia estrojeni angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, karibu miaka 50, isipokuwa kama ana kizuizi kama saratani ya matiti. Aliyebaki na kizazi lazima aongezewe projesteroni, homoni nyingine ya kike, maana estrojeni peke yake huweza kuleta saratani ya ukuta wa kizazi. Na mwenye hatari ya damu kuganda, kibandiko ni salama kuliko kidonge.

Sindano za homoni ya ukuaji zinazouzwa kwa ahadi ya kurudisha ujana, msizinunue. Huvimbisha miguu, huumiza viungo na hupandisha sukari, wala hazichukui nafasi ya estrojeni iliyopotea.