Toaplan na bomu lililomwokoa mchezaji

Michezo ya ndege za kivita kwenye mashine za sarafu haina huruma: risasi moja ikikugusa, umekufa. Toaplan, kampuni ya michezo ya video ya Tokyo iliyoanzishwa 1984 na watu waliotoka Orca na Crux baada ya kampuni hizo kuporomoka, ilimpa mchezaji pa kujihifadhi. Kwangu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko wote.

Bomu lenyewe halikuwa jambo geni; mchezo wa Marekani, Defender, ulikuwa nalo tangu 1981. Lakini katika Tiger-Heli (1985), uliosambazwa na kampuni ya Taito, mabomu mawili yananing'inia ubavuni mwa helikopta yako. Unaweza kuyatupa upendapo. Usipoyatupa, risasi ya adui ikalipiga mojawapo, linalipuka lenyewe na kufagia kila kilicho karibu. Silaha hiyohiyo ikawa ngao, na mchezaji akalazimika kuamua: nitumie sasa, au nibaki nayo nikizidiwa? Wazo hilo lilikua hadi Truxton (1988), kazi ya Masahiro Yuge wa Toaplan, ambapo bomu ni fuvu kubwa linalotanda kwenye skrini. Nani angelisahau?

Kilichoiua Toaplan, nionavyo, ni hesabu ya sarafu. Street Fighter II, mchezo wa mapigano wa kampuni ya Capcom, ulipotoka 1991, wachezaji wawili walikabiliana kwenye mashine moja, pambano likaisha kwa dakika chache, na aliyeshindwa akatia sarafu nyingine kwa hasira. Mchezo wa ndege mara nyingi huchezwa na mtu mmoja, na mchezaji hodari hukaa muda mrefu kwa sarafu moja. Ukiuongezea ugumu ili kumbana hodari huyo, mgeni anakimbia. Wenye kumbi za michezo waliona tofauti hiyo kwenye makusanyo yao, na 1994 Toaplan ikafilisika.

Hata hivyo Batsugun (1993), miongoni mwa michezo yake ya mwisho, ulikuwa umeshafungua njia: risasi nyingi mno, zilizopangwa kwa maumbo ambayo mchezaji huyasoma na kupenya katikati yake. Tsuneki Ikeda, mmoja wa waliouprogramu, alihamia kampuni ya Cave, na mchezo wake DonPachi ukatoka 1995. Mtindo ambao Wajapani huuita danmaku ulishika kasi hapo. Wengine walikwenda kampuni ya Takumi, iliyotoa mwendelezo wa Twin Cobra, mchezo mwingine wa Toaplan.

Mwaka 2017 Yuge alianzisha kampuni iitwayo Tatsujin, jina la Kijapani la Truxton, na haki za michezo mingi ya Toaplan sasa ziko huko.